Vanishi ya Ringi za Baba

Nyumbani kwa Fundi kulikuwa na kamba ya nguo ambayo haikuanikwa nguo. Ilianikwa mifuniko ya sufuria. Kila mfuniko ulitobolewa tundu pembeni, ukapakwa rangi ya fedha ya ringi za gari, na juu ya rangi hiyo ukapakwa kitu cha kuikinga: huu vanishi ya samani, ule nta ya sakafu, ule mwingine mafuta ya nywele. Upepo ukishuka kutoka mlimani uwanja mzima ulilia kama harusi ya watu wasiojua kupiga ngoma. Mgeni akiuliza, mke wa Fundi alimjibu, "Hao ni wanafunzi wake. Zamani walikuwa wangu, nikiwafunikia wali."

Wali wake sasa aliufunika kwa jani la mgomba. Kwa wageni alisema unanukia vizuri zaidi hivyo. Kwetu sisi majirani alisema mengine.

Ukoo wa Fundi siujui. Mtu ambaye kila ukipita unamkuta amepiga magoti mbele ya gurudumu, hupati nafasi ya kumuuliza babu yake alikuwa nani. Nilimkuta mtaani Njoro, hapa Moshi, tulipohamia na wadogo zangu watatu, mwaka waliotutoka wazazi, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo moja: kupaka rangi ringi za magari. Bodi hakugusa. Mtu akimletea gari lililokwaruzwa mlango alimwambia, "Mlango peleka kwa wenye milango." Kisha akiinama kuangalia chini alisema kwa huzuni, kama daktari, "Lakini huku umechelewa kidogo."

Alikuwa na njia yake ya kujua kama rangi imekauka. Wenzake waligusa kwa kidole. Yeye aligusa kwa mdomo wa chini, polepole, macho ameyafumba. Alisema kidole kimeshika mambo mengi na hakiaminiki. Kwa hiyo siku nyingi alitembea mjini Moshi ana alama ya fedha mdomoni, na watoto wa shule walimsalimu, "Shikamoo Fundi, leo ni rangi gani?" Naye aliwajibu, "Marahaba. Leo ni ileile, ila haijakauka."

Kanisani hakukaa ndani. Alisimama nje kwa sababu nje ndiko magari yalikoegeshwa, na wakati wa kupiga magoti alipiga magoti popote alipofika. Muumini mmoja mgeni alimwona amepiga magoti mbele ya gari la mtu mzito, akavua kofia, akapiga magoti pembeni yake. Walikaa hivyo muda mzuri. Mwishoni Fundi alimnong'oneza, "Unaona ilivyobabuka hapa? Huyu kapaka bila kupiga msasa." Yule muumini alijibu, "Amina."

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na mlima. Vanishi haitaki unyevu; ukiipaka hewa ikiwa na maji inapata ukungu mweupe, kama jicho la mbuzi mzee. Kwa hiyo kila asubuhi Fundi alitoka na mswaki mdomoni kuangalia Kibo. Ikiwa kilele kiko wazi alitayarisha brashi. Na karibu kila mara, alipofungua kopo tu, mawingu yalishuka. Hakulichukulia kama jambo la hali ya hewa. Alilichukulia kama dharau. "Umemwona?" aliniambia siku moja, kopo mkononi. "Alikuwa amekaa pale wazi kabisa. Kanisikia nafungua mfuniko." Tangu hapo alijifunza kufungua makopo yake kwa siri, mgongo ameupa mlima, anaongea kwa sauti juu ya mambo ya ndizi.

Huyu mtu aliyeabudu magurudumu hakupanda gari. Siyo kwamba hakuwa na nauli. Alikataa. Kutoka Njoro alikwenda kila mahali kwa miguu, hata Uru, juu mlimani, hata kwenye misiba ya mbali. Ukimuuliza sababu alikuambia, "Mimi nazijua ringi zikiwa zimelala. Zikishaanza kuzunguka hatujuani." Baiskeli aliyokuwa nayo aliikokota tu, imebeba makopo, na ringi zake mbili zilikuwa na kutu hadi zinaacha unga njiani. Mke wake alimwambia aibu hiyo aipake rangi. Alijibu kwamba baiskeli haijamlipa.

Miaka ya nyuma, dukani kulipokuwa hakuna kitu, kazi yake ilikuwa rahisi. Ilikuwepo vanishi moja, ikiwepo, na watu walikinga ringi zao kwa vanishi hiyo au hawakuzikinga. Kisha biashara ikafunguliwa. Maduka ya Moshi yakajaa. Vitu vikaingia kwa njia ya Tarakea, mpakani, mafurushi kwa mafurushi, na makopo yenye maandishi ya lugha ambayo hata mwalimu mkuu hakuitambua. Wengine tulifurahi kupata sabuni bila foleni. Fundi alikonda. Kila kopo jipya lilikuwa swali, na kila swali lilihitaji mfuniko.

"Zamani nilikuwa nalala," aliniambia. "Sasa hivi kuna vanishi ishirini na mbili na mimi nina mke mmoja mwenye sufuria tisa."

Ndipo akaanza kuazima mifuniko ya majirani. Yangu miwili ilikwenda hivyo.

Baadhi ya wanafunzi walifeli mapema. Nta ya nyuki iliita nyuki. Walikuja wengi, wakazunguka kamba siku nzima kama wanatafuta ndugu yao. Mafuta ya kupikia yalirambwa na mbwa wa jirani, ambaye baadaye alipata tabia ya kuramba kila gari lililoegeshwa. Utomvu wa mgomba aliujaribu kwa sababu alikuwa ameona nguo zake zote zina madoa ya utomvu yasiyotoka, akasema kitu kisichotoka kwenye shati hakitatoka kwenye chuma. Hakikutoka kweli. Ringi ya fedha iligeuka rangi ya chai ya juzi, na mwenye gari, mfanyabiashara wa kahawa, aliambiwa kwamba hiyo ndiyo rangi inayovaliwa sasa Nairobi. Alilipa na kushukuru.

Mimi niliingia kwenye mambo hayo kwa sababu ya pikapu ya baba.

Baba alituachia pikapu ya kizamani, na mimi ndiye niliyejua kuiendesha, kwa kuwa alinifundisha mwenyewe kwenye njia za Uru. Niliacha shule kidato cha pili nikaanza kubeba ndizi kutoka Uru hadi sokoni. Pikapu ile ndiyo iliyotulisha na ndiyo iliyowaweka wadogo zangu shuleni. Fundi aliniita Dereva, tena kwa heshima, wakati wengine mjini walikuwa bado wanainama kuangalia kama kweli ni msichana aliye kwenye usukani.

Baba Mdogo ndiye aliyekuwa msimamizi wa mali ya marehemu kaka yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuangalia miguu. Alinunua ng'ombe kwa kuangalia kwato, alikubali wachumba wa binti zake kwa kuangalia viatu, na gari alilianzia kwenye ringi. Krismasi moja, wakati ukoo wote umepanda nyumbani Uru kama ilivyo desturi yetu, alizunguka pikapu mara moja, akagonga ringi ya nyuma kwa fimbo yake, na kipande cha kutu kikaanguka kwenye kiatu chake kipya.

"Linaoza," alisema. "Krismasi ijayo nikilikuta hivi, linauzwa. Kuna mtu wa Tarakea analitaka. Na nyie mtagawanywa kwa shangazi zenu mlelewe vizuri."

Shangazi walikuwa watatu, kila mmoja kijiji chake. Wadogo zangu walikuwa watatu. Hesabu hiyo niliielewa bila kidato cha tatu.

Nilikwenda kwa Fundi nikamweleza. Alisikiliza akiwa amepiga magoti, kisha akainuka, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

"Kwa hiyo tunatafuta vanishi ya kumshinda Baba Mdogo," alisema.

"Ya kushinda matope ya Uru, Fundi. Na joto la breki nikishuka."

"Hayo ni rahisi. Huyo mzee ndiye mgumu."

Jaribio la kwanza lilikuwa vanishi ya samani. Iling'aa siku tatu. Siku ya nne nilishuka na mikungu mingi, breki zikapata moto, na vanishi ikachemka. Ikatoa mapovu kama uji, ikanuka kama kabati linaloungua, na ilipopoa ilikuwa ya njano. Fundi aliigusa kwa mdomo, akatema, akasema, "Hii inajua kukaa sebuleni tu."

Miezi ikapita, wanafunzi wakaongezeka kwenye kamba. Aliwatesa ili kuwapima: aliwaweka juu ya jiko la mkaa, aliwazika kwenye tope nililomletea kwa ndoo kutoka Uru, aliwaosha kwa sabuni na kuwazika tena. Mwezi wa kumi na moja ulifika hajachagua. Nilianza kumchukia kidogo.

Aliyechagua ni mke wake. Wakwe walikuja ghafla, na mama wa watu aliona aibu kufunika mtori wa ndizi wa wakwe kwa jani. Akachungulia, akamwona Fundi yuko na mlima wake, akachomoa mfuniko mmoja kambani. Mtori wa siku hiyo ulikuwa na harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, lakini wakwe walidhani ni kiungo cha mjini. Baada ya hapo hakuurudisha. Aliutumia wiki mbili, moto wa kuni, mvuke, akausugua kwa majivu kila jioni kama anavyosugua vyombo vyote. Fundi alipouona jikoni alifoka. Kisha akaushika, akaugeuza, akajiona humo.

"Umeusugua na nini?"

"Majivu."

"Kila siku?"

"Wewe ulidhani mtori unajisugua?"

Alikaa chini. Ilikuwa vanishi ya magari, ile isiyo na rangi, inayochanganywa na dawa yake ya kukausha kutoka kopo dogo. Alikuwa ameiweka mwisho wa kamba kwa sababu kopo lake halikuwa na picha nzuri.

Alizifanya ringi za baba kwa siku tisa. Alizivua matairi, akazisugua kwa msasa hadi chuma, akapaka rangi ya chini, rangi ya fedha mara mbili nyembamba, na mlima ulipofunguka, vanishi mara tatu. Alipaka mbele, akapaka nyuma, akapaka kila pembe na kila tundu. Hakuacha mahali. Alizipenda kupita kiasi, na hilo ndilo kosa lake.

Kila ringi ina matundu ambayo nati hukaa. Pale hapapakwi kitu. Nati inatakiwa ikae juu ya chuma. Ikikaa juu ya vanishi nene inajiona imekaza, kumbe imekalia godoro. Joto likija godoro linabonyea, na nati inabaki na nafasi ya kucheza. Fundi alijua hilo kuliko mtu yeyote Moshi. Aliniambia baadaye kwamba alipofika kwenye matundu mkono ulikataa kuyaacha uchi.

Wiki ile ya Krismasi nilipanda na kushuka kila siku. Siku ya kikao cha ukoo nilipanda na wadogo zangu, wawili mbele na mmoja nyuma kwenye ndizi. Wazee walishakaa uwanjani kwa Baba Mdogo, pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, katikati. Yeye mwenyewe alisimama barabarani na fimbo, ndani ya suti ya Krismasi, akisubiri miguu. Nilipita mbele yake taratibu. Niliona jicho lake limefuata ringi, na nikaona uso wake umelegea. Ningesimama pale. Lakini nikataka azione tena zikishuka, jua likiwa upande wa pili, nikaendelea hadi kwenye kanisa la kigango, mahali pa kugeuzia.

Nilipokata kona upande wa nyuma ulikaa chini ghafla. Hakuna aliyeumia. Mdogo wangu wa nyuma alisema tu, "Dada, tairi letu linakwenda."

Lilikwenda kweli, limesimama wima, linang'aa, halina haraka. Likaongeza mwendo kidogo kidogo. Baba Mdogo alilitazama likija, akaona ni lile alilokuwa analisifu moyoni, na akachelewa kuamini. Alirukia mfereji akiwa na suti yake. Gurudumu likampita, likakata ua wa mimea ya masale, likaingia uwanjani, likazunguka wazee mara moja kama linawasalimu, na likalala chali kando ya pipa la mbege bila kumwaga tone.

Mzee mkubwa kuliko wote alilitazama, akasema, "Huyu amewahi. Wenzake wako wapi?"

Tulipofika kwa miguu, nati tumeziokota barabarani, walikuwa bado wanafuta machozi ya kicheko. Baba Mdogo hakucheka. Maji yalikuwa yanamtoka kwenye mifuko. Aliinama, akaigeuza ringi, akaitafutia mkwaruzo kwa dakika nzima.

"Haina hata mmoja," alisema, na nilisikia kwamba inamuuma. "Lakini gari linaloacha mguu barabarani siyo gari. Kesho namwita mtu wa Tarakea."

Nilikaa kwenye kigoda, wadogo zangu wamenizunguka.

Habari zilishuka Njoro na gari la kwanza lililopita. Fundi angeweza kupanda gari hilohilo likirudi. Alipanda kwa miguu. Alifika alasiri, kikao hakijaisha kwa sababu mbege haikuwa imeisha, vumbi hadi magotini, kwapani ule mfuniko wa mtori, mfukoni kisu na msasa. Na mkononi alikuwa na jani la isale.

Kwetu mtu aliyekosa akija na isale, husamehewa. Hakuna mjadala. Alipiga magoti, na huyu alikuwa na mazoezi, akalinyoosha kwa Baba Mdogo.

"Shikamoo mzee. Kosa ni langu. Binti alikaza nati kama inavyotakiwa. Mimi nilipaka pasipopakwa."

Baba Mdogo aliliangalia jani. "Hilo umelichuma kwangu."

"Sikulichuma. Nimeliokota hapo uani. Gurudumu ndilo lililochuma."

"Unaniomba radhi kwa isale langu mwenyewe?"

"Lako ndilo lililokuwa karibu."

Yule mzee mkubwa aligonga kata yake kwenye pipa. "Pokea. Isale halina mwenyewe likishashikwa mkononi."

Baba Mdogo akalipokea. "Nimesamehe suruali," alisema. "Gari ni jambo jingine."

Fundi hakubisha. Alikwenda kwenye pikapu akilisukuma lile gurudumu, akafungua mengine matatu, na kwa kisu akakwangua vanishi yake kwenye kila tundu la nati hadi chuma kikaonekana. Kila alipokwangua alisema "pole," sijui kwa ringi au kwangu. Akaturudishia magurudumu, nikakaza, akakaza tena yeye.

Baba Mdogo alisimama juu yake. "Unaliamini?"

"Naliamini."

"Basi panda. Tushuke nalo hadi Njoro, wewe, mimi na huyo dereva."

Fundi aliutazama mlango wa gari. Uru yote haikujua kwa nini anasitasita, lakini mimi nilijua, na nilifungua mdomo kumtetea. Akaniashiria ninyamaze. Alipanda mguu mmoja, akaushusha, akaenda kugusa nati za kulia, akarudi. Kisha akapandisha miguu yote miwili, akafumba macho, akashika mfuniko wa mtori kwa mikono miwili mbele ya kifua kama usukani. Baba Mdogo akabanwa katikati, suti yake bado mbichi.

Njia nzima Fundi aliendesha mfuniko wake. Nikikata kona kulia naye alikata, kwa kuchelewa kidogo. Mara mbili alisema, "Simama," tukasimama, nikashuka nikajaribu nati kwa spana, hazikusogea. Njoro tulifika breki zinanuka moto. Baba Mdogo alishuka, akaweka kidole kwenye ringi, akakiondoa haraka.

"Lina moto."

"Lina moto," Fundi alisema, macho bado amefumba, "lakini lipo."

Baba Mdogo alinyonya kidole akifikiri. "Mwakani nitaliangalia tena," alisema, na akatafuta usafiri wa kurudi. Kila Krismasi aliliangalia. Mtu wa Tarakea hakuitwa.

Kwa miaka mingi Fundi hakupanda gari tena, hata langu. Alisema ameshajua yaliyomo.

Mara ya mwisho kukaa naye sana, wadogo zangu wote walikuwa wamemaliza shule na mmoja ana gari lake lenye ringi zisizohitaji rangi, jambo ambalo hatukumwambia Fundi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alitakiwa apelekwe hospitali yakafanyiwe kazi, na mtoto wake alikuja na teksi mara mbili, akaikataa mara mbili. Mke wake alinitumia ujumbe: amesema atapanda pikapu.

Nilimkuta uwanjani. Kamba ilikuwa na nguo.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba Dereva. Lilete karibu."

Alipiga magoti kwa shida, akapapasa ringi ya mbele. Vanishi ilikuwa ileile yake, ya mara ya nne au ya tano, nimeipaka mwenyewe kwa kufuata njia yake. Aliinamisha uso akaigusa kwa mdomo. Kisha kidole chake kikatafuta matundu ya nati, kikakuta chuma na kutu kidogo.

"Hapa hukupaka."

"Hapo sikupaka."

"Nati umekaza?"

"Nimekaza, Fundi."

"Kaza tena."

Nikatoa spana. Nilikaza gurudumu moja baada ya jingine, yeye amesimama ameegemea mlango, anasikiliza kila nati hadi ilipolia. Ya mwisho ilipolia akapanda mwenyewe. Mke wake akaja mbio kutoka jikoni, akamwekea mapajani mfuniko wa mtori. Fundi akaushika kwa mikono miwili.

Nilipowasha aligeuza uso kaskazini, upande ambao hakuona tena chochote.

"Mlima je?"

"Uko wazi, Fundi. Kilele chote."

"Si unaona," alisema. "Siku nisiyo na kopo."